Hoteli za Urithi: Kulala Ndani ya Nyumba Yenye Historia

Hoteli ya urithi ni nyumba ya kale inayolaza wageni bila kupoteza sura yake ya kwanza. Kwa kawaida ni ndogo, na vyumba vyake havifanani, maana kila kimoja kilijengwa kwa kazi yake: ukumbi wa kupokelea wageni, ghala la bidhaa, chumba cha wake wa mwenye nyumba. Samani zake ni za zamani, na kuta zimepambwa kwa kazi za sanaa. Mgeni hulipia kitanda na chai ya asubuhi kama kwingine, na juu yake hulipia nyumba yenyewe pamoja na habari za waliowahi kuishi humo.

Katika nchi za Waswahili, hoteli za namna hii zimeshamiri zaidi Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Hoteli nyingi kubwa za Shangani, mtaa wa pwani wa mji huo, zilikuwa kitu kingine hapo awali. Africa House ilianza mwaka 1888 kama klabu ya Waingereza. Tembo ilikuwa makao ya ubalozi mdogo wa Marekani katika karne ya 19. Serena imo katika ofisi ya zamani ya simu za kimataifa na nyumba ya jirani yake. Mambo Msiige, ambayo wenyeji husimulia kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai, ni jumba la katikati ya karne ya 19 ambalo leo ni sehemu ya hoteli kubwa.

Mtindo wa kujaza nyumba vitu vya kale na sanaa ulienezwa sana na Emerson Skeen, Mmarekani aliyehamia Zanzibar na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 2014. Katika miaka ya 1990 yeye na mwenzake walifufua jumba la mtaa wa Hurumzi lililokuwa la Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha wakati wa Sultani Barghash. Vyumba viliwekwa vitanda vya samadari, makasha yenye njumu za shaba na vioo vya rangi, na juu ya paa pakawekwa mahali pa kulia chakula jua linapotua. Wengine wengi waliiga.

Anayelala katika nyumba kama hiyo hufundishwa na jengo lenyewe. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huzuia joto la mchana. Chumba ni kirefu na chembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti, mita 3 hivi. Mlango wa kuchonga ulitangaza cheo na mali ya mwenyewe kwa apitaye njiani, na baraza ya nje ilimwezesha kuzungumza na watu bila kuwaingiza ndani. Ngazi ni za mwinuko mkali, na mara nyingi hakuna lifti. Mgeni mwenye maumivu ya magoti heri aombe chumba cha chini mapema.

Lamu, iliyoingia katika orodha hiyohiyo mwaka 2001, ina namna yake. Nyumba zake za mawe za karne ya 18 zimepangwa kwa hatua: daka mlangoni, kiwanda cha wazi katikati, kisha misana, yaani vyumba virefu vya kukaa, na mwisho kabisa ndani, mahali pa faragha. Ukuta wa ndani umejaa vidaka vilivyonakshiwa kwa chokaa, ambamo ziliwekwa sahani na bakuli za China. Kiti cha enzi, chenye mbao nyeusi na kamba zilizosukwa, kilikuwa cha mgeni wa heshima. Nyingi za nyumba hizo hupangishwa leo kwa wageni, chumba kimoja au nyumba nzima.

Si kila kilicho cha zamani kwa sura ni cha zamani kwa kweli. Mafundi wa Zanzibar na Lamu bado wanachonga milango, makasha na vitanda kwa mitindo ya mababu, na kazi hiyo ni halali na ya kusifiwa. Kosa ni kuuza kipya kwa jina la cha kale. Hoteli ya kuaminika humweleza mgeni kipi ni cha asili, kipi kimeigwa, na kila kitu kilipatikana wapi.

Uaminifu huo unahitajika zaidi katika kueleza utajiri ulikotoka. Tharia Topan, ambaye katika jumba lake wageni wanalala leo, ndiye aliyemkopesha mtaji Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip. Misafara ya Tippu Tip ilikusanya pembe za ndovu na kuteka watumwa katika Maniema na kandokando ya mto Lualaba, kisha mali ikapita Kasongo, Ujiji na Tabora hadi pwani. Februari 1887 mfanyabiashara huyo alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Stanley Falls ndiyo Kisangani ya leo. Nyumba yake ya Shangani, yenye mlango mkubwa wa kuchonga, ipo hadi sasa. Fahari ya majumba ya Unguja kwa sehemu ililipwa na misitu na watu wa Kongo, na misafara hiyo ndiyo iliyoacha Kiswahili kwenye maporomoko ya Boyoma, jina la leo la Stanley Falls.

Msafiri anayeshuka Bangboka, uwanja wa ndege ulio mashariki ya mji, anaingia Kisangani yenye urithi wake wa majengo. Katika Makiso, kitovu cha mji, zimo nyumba za enzi za Wabelgiji zenye veranda pana na matao, na kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire linautazama mto. Patrice Lumumba alifanya kazi katika posta ya mji huu. Katika hoteli ya Victoria Residence mateka wa Kizungu walizuiliwa na waasi hadi 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka. Juni 2000, mapigano ya siku sita kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda yaliua raia wengi na kuharibu majengo mengi.

Nyumba ya Makiso ikifufuliwa kwa ajili ya wageni, vitu vya kuipamba viko jirani. Walokele wana ngoma za mti za kupelekea habari, ambazo mmisionari John Carrington wa Yakusu aliziandikia kitabu kilichotoka mwaka 1949. Wambole wana sanamu za watu zilizohusiana na mafunzo ya lilwa, chama chao cha jando. Wamangbetu wanajulikana kwa vyungu na vinubi vyenye vichwa vya binadamu, na Wambuti wa Ituri kwa vitambaa vya magome ya mti vilivyochorwa kwa mkono. Wavuvi Wagenia husuka mitego mikubwa ya kutegwa katikati ya maporomoko. Sheria ya Kongo ya mwaka 1971 hulinda mali za utamaduni, kwa hiyo kitu cha kale hakinunuliwi wala kusafirishwa ovyo. Pembe za ndovu zisiguswe kabisa.

Zanzibar pia inafundisha namna nyumba za kale zinavyokufa. Adui wa kwanza ni maji. Bafu jipya la ghorofani likivuja, boriti huoza kimyakimya. Saruji ikipakwa juu ya ukuta wa chokaa, unyevu hukosa pa kutokea na ukuta hubomoka kutoka ndani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo na kuua watu wawili.

Fedha za wageni zinaweza kulipia matengenezo ya kila mwaka, na hapo ndipo hoteli ya urithi inapostahili jina lake. Mwenye nyumba ya zamani mjini Kisangani, kabla ya kung'oa milango au kubomoa veranda, na apige picha kila chumba, aandike habari za waliokaa humo huku wanaozijua wangali hai, na amwite fundi anayejua kazi ya zamani. Ukuta ukianguka hujengwa mwingine, lakini historia iliyokuwa ndani yake hairudi.