Mnyanyua Uzito wa Kisiwa cha Nauru

Wakati wa mavuno huko Igowole, wilayani Mufindi, gunia la mahindi la kilo 100 halipandishwi begani kwa mikono mitupu. Watu wawili hulinyanyua kidogo, na papo hapo wa tatu huinama na kuingiza bega chini yake. Gunia halingojwi lifike juu. Bega ndilo linaloshuka kulifuata.

Mbinu hiyo ndiyo msingi wa mchezo uliomletea sifa Marcus Stephen, aliyezaliwa mwaka 1969 Nauru, kisiwa cha kilomita za mraba 21 katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1990, Nauru iliposhiriki kwa mara ya kwanza Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Auckland, alitwaa dhahabu ya kunyanyua kwa mkupuo mmoja, uzani wa kilo 60.

Katika mnyanyuo huo chuma hutoka sakafuni hadi juu ya kichwa bila kutua mabegani. Mnyanyuaji hukipa kasi kwa miguu na mgongo. Kinapokaribia kifua, huchuchumaa ghafla chini yake, kisha husimama nacho. Jumla ya kazi, yaani kani mara umbali, haipungui. Tofauti ni kwamba mapaja, yenye misuli mikubwa, hufanya sehemu ambayo mikono isingeiweza.

Wala udogo wa mwili si ila. Nguvu ya msuli hutegemea eneo la mkato wake, bali uzito wa mwili hutegemea ujazo. Vipimo vyote vikiongezwa mara 2, eneo huwa mara 4, uzito mara 8. Ndiyo maana mtu mdogo huweza kuinua zaidi ya mara mbili ya uzito wake, jambo ambalo majitu hayaliwezi kwa urahisi.

Kikwazo kikubwa cha Stephen hakikuwa chuma. Nauru ilipata uhuru mwaka 1968, lakini haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa. Mwaka 1992, mjini Barcelona, ilimbidi ashindane kwa niaba ya Samoa Magharibi, kama ilivyoitwa wakati huo. Kamati ya Nauru ilitambuliwa mwaka 1994, na huko Atlanta mwaka 1996 aliingia uwanjani chini ya bendera ya kwao. Medali ya Olimpiki hakuipata kamwe. Za Jumuiya ya Madola, hadi mwaka 2002, zilifika 12, saba zikiwa za dhahabu.

Mwaka 2003 alichaguliwa kuwa mbunge, na tangu Desemba 2007 hadi Novemba 2011 alikuwa Rais wa Nauru.