Muhali na Hifadhi ya Mtoto

Kesi ya mtoto aliyedhalilishwa aghalabu haifi mahkamani. Hufa mapema zaidi, ukumbini mwa nyumba, mlango umefungwa na wazee wawili watatu wa pande zote mbili wamekaa juu ya mkeka, kabla tabibu hajamtazama mtoto na kabla askari hajaandika neno. Na wanaoiua si watu waovu, bali ni watu wa murua, wenye kuogopa fedheha, ambao wanadhani kwa dhati kuwa wanawasitiri waja wa Mungu. Maneno yao yanajulikana katika kila mtaa wa Unguja na Pemba: huyu ni mtoto wa ami yako, mwalimu huyu ametusomeshea watoto miaka mingi, habari ikienea, msichana ataposwa na nani? Basi huoneana muhali, kila mmoja akiona vigumu kumkatalia mwenziwe. Pengine hutolewa fedha, pengine huombwa radhi, pengine mtoto hupelekwa shamba kwa shangazi yake mpaka maneno yapoe, na mtendaji hubaki pale pale alipokuwa, karibu na watoto wengine. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini suluhu ya namna hiyo ni dhuluma juu ya dhuluma, na ni kazi gani hasa iliyo mikononi mwa jamaa, majirani na viongozi wa shehia.

Udhalilishaji wa mtoto una sura nyingi: kupigwa kupita kiasi, kutukanwa na kudharauliwa siku zote, kuachwa bila chakula wala matunzo, na ule wa kujamiiana ambao ndio mchungu kuutaja na mwepesi kufichwa. Mwaka 2009 ulifanywa nchini Tanzania uchunguzi wa taifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011, nao uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Kwa nchi nzima, wasichana takriban 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walieleza kuwa walifikwa na ukatili wa kujamiiana kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu robo tatu ya vijana wa jinsia zote walikuwa wamefikwa na ukatili wa mwili. Zanzibar, ambako vijana walihesabiwa peke yao, jambo lililowashitua wengi ni kuwa wavulana walizidi wasichana: mvulana takriban 1 kati ya 10, na msichana 1 kati ya 20. Kwa hiyo mzazi anayemchunga binti yake kwa macho mawili na kumwachia mwana wa kiume aende apendapo, alale apendapo, kwa hoja kwamba mwanamme hana la kupoteza, amelinda nusu ya nyumba na kuiacha nusu nyingine wazi.

Uchunguzi ule ulidhihirisha jambo la pili, nalo ni kimya. Takriban nusu ya wasichana waliofikwa na masaibu hayo hawakumwambia mtu yeyote, wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi, na aliyekwenda kutafuta msaada alikuwa msichana 1 tu kati ya 5. Kimya hicho kina sababu zake. Mtendaji, mara nyingi, ni mtu anayejulikana na kuaminiwa: jirani, jamaa, mwalimu, au kijana anayempeleka mtoto skuli kwa pikipiki, naye haanzi kwa nguvu, huanza kwa ihsani. Humpa mtoto pipi au vocha ya simu, humsifu mbele ya wazazi, humtafutia sababu za kubaki naye peke yake, kisha humzoesha vijisiri vidogo visivyo na madhara ili ajue kama mtoto huyu husema au hunyamaza. Siku uovu unapotendeka, mtoto amekwisha kuaminishwa kuwa naye ni mshirika wa siri, na kwamba akitoboa atapigwa yeye.

Na katika nyumba nyingi maneno hayo ni ya kweli. Mtoto ambaye amezoea kuchapwa kwa kuvunja kikombe, kwa kuchelewa kurudi, kwa kupoteza kiatu cha chuoni, hana dalili hata moja ya kumwonyesha kuwa safari hii, kwa jambo kubwa kuliko kikombe, atasikilizwa badala ya kuchapwa. Hapa ndipo bakora na udhalilishaji wa kujamiiana vinapokutana, japokuwa wengi huvidhani kuwa ni mambo mawili mbalimbali: nyumba inayotawaliwa kwa hofu humfundisha mtoto kuficha, na mtoto anayejua kuficha ndiye mtendaji anayemtafuta. Wazazi wanaofundishwa malezi yasiyo ya fimbo, na walimu wanaojifunza adhabu mbadala, hawafundishwi kudekeza. Wanafundishwa kuuacha wazi mlango ambao mtoto ataupitia siku ya shida.

Mtoto naye mara chache husema kwa maneno kamili. Husema kwa kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, kwa kushituka akiguswa, kwa kushuka ghafla masomoni, kwa kuwa na vitu ambavyo hakununuliwa na mtu wa nyumbani, au kwa kumkimbia mtu mmoja aliyekuwa akimpenda. Moja peke yake katika dalili hizi si ushahidi, lakini kila moja yataka mtu mzima atulie na kuuliza. Tuchukue mtoto wa miaka tisa anayemwambia bibi yake alasiri, msahafu mkononi, “Bibi, mie sitaki tena kwenda chuoni.” Bibi aliyeshikwa na haraka atajibu, “Shetani huyo! Tangulia, usinitie aibu kwa mwalimu,” na mlango umefungwa, labda usifunguke tena kwa miaka. Bibi mwenye busara ataacha kazi yake, atasema, “Haya, njoo ukae hapa, mwanangu. Una nini?” kisha atanyamaza, hata kimya kikirefuka. Mtoto akisema, amsikilize bila kupiga yowe, wala asimuulize maswali yenye majibu ndani yake, kama vile “Ni fulani aliyekufanya hivi?”, kwa kuwa maneno aliyotiwa mtoto kinywani ndiyo wakili wa mshitakiwa atakayoyashika baadaye. Amwambie mambo matatu tu: umefanya vyema kuniambia, si kosa lako, nitakutafutia msaada. Asimwahidi kuwa ni siri yao wawili, maana ahadi hiyo haitatimizwa, naye mtoto amekwisha hadaiwa vya kutosha.

Baada ya hapo saa ndizo zinazohesabiwa. Huruma ya kwanza ya mama ni kumwogesha mtoto na kufua nguo, na huruma hiyo, ingawa ni ya tabia, huweza kuosha ushahidi. Mtoto asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe, zitiwe katika mfuko wa karatasi au zifungwe katika kanga safi iliyokauka, wala zisitiwe katika mfuko wa plastiki ambao huzuia hewa na kuozesha alama. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita huzipunguzia nguvu. Zikianzwa humezwa kwa siku 28 bila kukatiza. Kwa hiyo kikao cha wazee kinachoanza Ijumaa baada ya sala na kuahirishwa mpaka Jumatatu ili ami afike kutoka Pemba, hata kama mwisho wake kingeamua haki tupu, kimekwisha kumnyima mtoto dawa.

Zamani, familia iliyokataa kunyamaza ilikuwa na safari ya kuchosha: polisi, hospitali, ofisi ya ustawi wa jamii, kisha polisi tena, na kila mlango mtoto alitakiwa asimulie upya mbele ya watu wageni yale asiyoweza kuyasema hata mara moja. Ili kuondoa takalifu hiyo, mwaka 2011 kilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kituo cha Mkono kwa Mkono, na baadaye vikafuatia vingine Unguja na Pemba, ambamo daktari, askari na mtaalamu wa ushauri nasaha humhudumia mtoto chini ya paa moja. Faida ya kituo kama hicho si majengo yake. Ni kwamba mtoto husimulia mara chache, kwa watu waliofundishwa kusikiliza, na karatasi ya daktari haipotei njiani kati ya ofisi moja na nyingine.

Sasa wazee watauliza: je, sisi hatuna haki ya kusuluhisha jambo la nyumbani mwetu? Katika ugomvi wa mpaka wa shamba au wa mume na mke, wanayo, na busara yao ni hazina. Lakini kosa la kujamiiana na mtoto ni jinai. Mwenye kushitaki ni Serikali, wala si baba wa mtoto, na kwa hiyo baba hana analoweza kulisamehe, sawa na asivyoweza kusamehe kwa niaba ya jirani yake nyumba iliyovunjwa. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto Nambari 6 ya mwaka 2011, ambayo katika kuitunga watoto wenyewe walisikilizwa, na ambayo mwaka 2015 ilipata tuzo ya dhahabu ya Future Policy Award kwa ubora wake miongoni mwa sheria za haki za watoto duniani. Bara ipo Sheria ya Mtoto Nambari 21 ya mwaka 2009, ambayo kifungu chake cha 95 kinamtwika kila mwanajamii mwenye habari ya kuvunjwa kwa haki za mtoto wajibu wa kuitoa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Sheria njema tunazo, basi. Upungufu ulipo ni wa miguu ya kuzifikia.

Miguu hiyo ni watu wa shehia. Sheha, kamati ya shehia, mwalimu, imamu, mkunga na mwenye duka la pembeni ndio wanaoona kabla Serikali haijaona, na kazi yao, ikifahamika vyema, ni nyepesi kuliko wanavyoihofia: hawatakiwi kupeleleza, wala kumhoji mtoto, wala kumwadhibu mtuhumiwa kwa mawe na marungu, bali wanatakiwa kupeleka habari mahali pake upesi, kumsindikiza mzazi asiyejua ofisi, kumlinda mtoa habari asitengwe, na kukataa kwa kauli moja kuketi katika kikao cha suluhu. Sheha anayekataa kukaa juu ya mkeka ule amefanya zaidi ya hotuba kumi.

Kazi haiishi siku mtuhumiwa anapokamatwa. Kesi nyingi hudhoofika baadaye, pale miezi inapopita, nauli ya kwenda mahkamani inapokosekana, na mashahidi wanapoanza kusema wamesahau. Zanzibar ilianzisha mwaka 2021 mahkama maalumu za kesi za udhalilishaji ili mashauri yasikae mno, na Bara sheria ya ushahidi ilirekebishwa mwaka 2016 ili mtoto mdogo aweze kutoa ushahidi pasipo kiapo, maadamu ameahidi kusema kweli. Lakini hakuna hakimu awezaye kuhukumu kwa ushahidi ambao haukuletwa. Jirani anayechangia nauli, au mwajiri anayemruhusu mama aende mahkamani bila kumkata mshahara, ameingia katika hifadhi ya mtoto kwa mlango ambao hauandikwi magazetini.

Mtoto mwenyewe, wakati huo wote, anataka kurudi kuwa mtoto. Ikiwa mtendaji anakaa naye nyumba moja, anayepaswa kuondoka ni mtendaji; na pale isipowezekana, watu wa ustawi wa jamii huweza kumweka kwa muda katika familia ya kuaminika iliyokaguliwa na kufundishwa, badala ya kumpeleka kwenye nyumba ya kulelea watoto ambako atajihisi amefungwa kwa kosa la mwingine. Arudi skuli mapema, mwalimu mmoja tu ajue habari zake, na mtaa ujizuie kumwita kwa jina la msiba wake. Wengi waliofikwa na mambo haya hupona na kuishi maisha kamili, na kinachowasaidia sana ni kuwapo mtu mzima mmoja aliyewaamini tangu siku ya kwanza na asiyechoka.

Kuzuia, hata hivyo, ni bora kuliko kutibu, na njia zake hazihitaji mali nyingi. Madrasa iwe na madirisha wazi na walimu wasiopungua wawili; asiwepo mwalimu wa kumbakisha mtoto mmoja baada ya wenzake kuondoka, wala wa kumtuma nyumbani kwake. Mtoto afundishwe tangu udogoni majina ya viungo vyake bila matusi, ajue sehemu ambazo si za kuguswa, na aruhusiwe kukataa kumkumbatia mgeni bila kuambiwa hana adabu. Wageni wa kiume na wa kike wasilazwe chumba kimoja na watoto kwa sababu tu ni jamaa. Hakuna katika haya linalopingana na dini wala mila. Yote ni sehemu ya sitara ambayo tumekuwa tukiisifu, ila sasa tunamsitiri anayestahiki.

Basi, ewe msomaji, ukijua au ukishuku kwamba mtoto anadhalilishwa, usingoje kuwa na yakini, kwani yakini ni kazi ya wapelelezi. Mwendee sheha, ofisa wa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu, au piga simu nambari 116, ambayo haina malipo. Na ukiitwa kuketi kikao cha kulimaliza jambo hilo nyumbani, kataa, hata kama anayekuita ni kaka yako.