Ramani Yavuka Kizuizi, Mchoraji Abaki Kambini

Miongoni mwa maswali ambayo askari wenye watoto waliohitimu vyuo hutuuliza kila tunapotembelea kambi na vituo ni hili: kijana aliyesomea ujenzi aanzie wapi siku hizi, ambapo meza ya kuchorea na rula ndefu vimekwisha wekwa ghalani na kila kitu chafanywa kwa kompyuta? Jibu tulilifuata mahali ambapo wengi wasingefikiria, nako ni makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, nchini Malawi, kilomita 40 na ushei kaskazini ya Lilongwe. Tulikwenda huko kwa kuwa mtu aliyepungukiwa na mengi huonyesha waziwazi ni kitu gani hasa ambacho kazi yake haiwezi kukikosa.

Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa siasa katika utawala wa Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ikafanywa kambi ya wakimbizi, ikikusudiwa watu wapatao 10,000 hivi. Leo wamezidi 50,000, walio wengi wakiwa ni Wakongo, kisha Warundi na Wanyarwanda. Ndugu askari mliopata kutumwa mashariki ya Kongo tangu 2013, katika brigedi ile iliyounganisha majeshi ya Tanzania, Malawi na Afrika Kusini, mngejisikia wenyeji mkitembea katika vichochoro vyake. Kiswahili kinasikika kila kona, sokoni na makanisani, na majina ya Uvira, Fizi na Bukavu yanatajwa kama mtu anavyotaja kijiji cha jirani.

Humo ndimo tulimokutana na binti mmoja wa Uvira, mhitimu wa uhandisi wa ujenzi kutoka chuo kimoja cha Bukavu. Nyumba anayoishi ni ya matofali mabichi na bati lililoshikiliwa kwa mawe. Mbele yake, juu ya kisanduku cha mbao, palikuwa na kompyuta ya mkononi ambayo kioo chake kimepasuka pembeni, na ndani ya kioo hicho ilisimama shule ya madarasa mawili, nzima, tangu msingi hadi kenchi za paa.

“Karibuni darasani, wazee,” alituambia, kisha akaigeuza shule ile kwa kidole ili tuione kutoka nyuma.

Hapana budi tueleze kidogo kazi yenyewe, maana ndipo kijana wako atakapoanzia. Askari anaijua meza ya mchanga. Kabla ya operesheni kamanda huwakusanya wasaidizi wake kuzunguka mfano wa ardhi, kilima hapa, mto pale, na kila mmoja huonyeshwa njia yake, ili makosa yafanyike mchangani, yasifanyike vitani. Usanifu wa majengo kwa kompyuta ni meza ya mchanga ya namna hiyo, ila mchanga huu una kumbukumbu. Katika ramani ya zamani ukuta ulikuwa mistari miwili tu. Ukibadili dirisha katika karatasi moja, ilikupasa ukumbuke kulibadili katika karatasi nyingine zote, na aliyesahau alisababisha hasara. Katika mfano wa kompyuta ukuta unajijua kuwa ni ukuta: unene wake, tofali lake, urefu wake na mlango ulio ndani yake. Ukilihamisha dirisha mara moja, karatasi zote hujirekebisha. Ukiuliza matofali mangapi yatahitajika, hesabu hutoka. Bomba la maji likipita katikati ya boriti, programu hupiga kelele kabla fundi hajashika nyundo.

Serikali ya Uingereza iliagiza kwamba kuanzia 2016 miradi ya majengo ya serikali kuu itayarishwe kwa njia hiyo, na mwaka 2018 zikatolewa sehemu mbili za kwanza za kanuni ya kimataifa ya ISO 19650, inayoeleza jinsi taarifa za jengo zinavyotunzwa na kukabidhiwa baina ya msanifu, mhandisi na mjenzi. Mhitimu anayeijua kanuni hiyo, hata kama hajajenga kibanda cha kuku, huwa na la kusema mbele ya mwajiri.

Wala mambo haya hayako Ulaya peke yake. Lilongwe, mji uliopangwa upya na kufanywa makao makuu mwaka 1975 badala ya Zomba, ulishuhudia mwaka 2020 kampuni ya 14Trees ikisimamisha kuta za nyumba kwa saa 12 tu, kwa mtambo unaomimina zege laini tabaka juu ya tabaka ukifuata mfano uliochorwa katika kompyuta. Mwaka uliofuata kuta za shule moja wilayani Salima zilisimama kwa saa 18. Kampuni hiyo hiyo ikaupeleka mtambo Kilifi, pwani ya Kenya, kwa mradi wa nyumba 52. Tusidanganyike, hata hivyo: zile saa 18 ni za kuta. Msingi, paa, madirisha na milango vilingoja mikono ya mafundi kama kawaida, na kabla ya hizo saa 18 yuko mtu aliyekaa siku nyingi akichora. Mtambo hauna akili ya kusahihisha mfano mbovu; utauchapa na ubovu wake.

Tulimwuliza binti yule alijifunzaje. Chuoni kwao, alisema, walichora kwa mkono. Programu amejifunza akiwa kambini, kwa kutumia nakala ambazo makampuni huwapa wanafunzi bure na nyingine ambazo ni za bure kwa kila mtu. Dzaleka si jangwa la elimu. Tangu 2010 Wajesuiti wamekuwa wakifundisha humo masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti, na kipo kituo cha TakenoLab, kilichoanzishwa na mkimbizi wa Burundi, Remy Gakwaya, ambacho kimewafundisha vijana wengi kutengeneza programu za kompyuta. Lililomsumbua zaidi ni umeme. Tufani Ana ilipoharibu bwawa la Kapichira mnamo Januari 2022, Malawi ilipoteza megawati zaidi ya 100 kwa mpigo, na yeye akajizoeza kuhifadhi kazi yake kila baada ya dakika chache. Tabia hiyo hajaiacha.

Shule iliyomo katika kompyuta yake inajengwa kweli, pembezoni mwa Lilongwe. Mhandisi mmoja wa mjini aliona kazi zake, akampa ramani za mkono azigeuze kuwa mfano. Amekwisha toa karatasi 14. Mshahara hapati, kwa kuwa hana kibali cha kazi; anachotarajia ni barua ya kuthibitisha kwamba amefanya mazoezi. Malawi ilipojiunga na mkataba wa kimataifa wa wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake juu ya ajira na juu ya mahali pa kuishi, na kwa hiyo mkimbizi hutakiwa kukaa kambini na kutoka kwa ruhusa. Mei 2023, baada ya muda uliotolewa na serikali kupita, polisi na wanajeshi wa Malawi walitumwa kuwarejesha Dzaleka wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini. Askari aliye kizuizini barabarani hakuitunga sheria hiyo, anaitekeleza. Nasi hatuna mahali pa kusimama na kunyoosha kidole, maana sheria yetu ya 1998 huwataka wakimbizi wa Nyarugusu vivyo hivyo wakae ndani ya maeneo yaliyotengwa. Uganda, kwa sheria yake ya 2006, ilichagua njia nyingine, ya kuwaacha watembee na kufanya kazi.

Matokeo yake ni jambo la ajabu ambalo tulilitafakari njia nzima ya kurudi. Karatasi 14 za binti yule huvuka kizuizi kila wiki bila kusimamishwa na mtu, zikipita hewani. Mwenyewe hajapata kuiona hiyo shule. Na hapo ndipo tulipopata jibu la swali la wazazi, kwa sababu tulipomwuliza ni kitu gani anachokikosa kuliko vyote, hakutaja umeme wala kompyuta mpya.

“Kiwanja,” alijibu. “Niguse tofali. Nimwone fundi anavyoisoma karatasi yangu, na mahali anapokwama.”

Basi, ndugu askari, ikiwa mwanao yuko huru kupanda basi na kushuka penye ujenzi, huo ni utajiri, wala asiukalie. Kompyuta ataijulia nyumbani kwa miezi kadhaa ya bidii: achukue jengo moja dogo, tuseme zahanati au nyumba ya askari, alichore lote hadi hesabu ya saruji na nondo, aweke karatasi hizo katika jalada moja safi la kumwonyesha mwajiri. Jengo moja lililokamilika lina uzito kuliko picha 20 za maghorofa yasiyo na msingi. Mchana aende kiwanjani, hata kwa kubeba kipimo. Nchini Tanzania Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa kuwaweka wahitimu chini ya wahandisi wenye uzoefu kwa miaka mitatu, na wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi yao. Kijana asiyejiandikisha mapema atabaki akichora huku mwingine akitia sahihi.

Tukiwa tungali tumeketi pale, simu ya binti ililia. Mhandisi alikuwa ametuma picha ya ukuta wa darasa la pili. Sisi tuliona ukuta mzuri ulionyooka. Yeye aliisogeza picha karibu na macho, akahesabu kozi za tofali kwa ncha ya kalamu, akahesabu tena, kisha akafungua mfano wake. Chini ya dirisha palitakiwa kozi 9. Fundi alikuwa amejenga 10. Dirisha lingesimama juu kuliko lilivyopimwa, na kichwa chake kingegonga lenta.

Akaandika ujumbe mfupi, akautuma, akarudi kutumiminia chai. Haukupita muda mrefu picha nyingine ikaingia. Kozi ya juu ilikuwa imebomolewa, matofali yake yamepangwa chini kando ya jukwaa, na fundi ameupa mgongo ukuta huku akikuna udongo uliokauka katika mwiko wake.

Binti alimtazama fundi yule kwa muda. Akatuuliza kama tungepita upande wa shule wakati wa kurudi mjini, na kama tungeweza kumpimia, kwa hatua tu, upana wa uwanja uliobaki mbele ya mlango.