Kula Bata Bila Kumla Bata

Sisi watu wa mjini tukisema tunakula bata, tunamaanisha muziki, nyama choma na bili nene. Mwindaji wa bata ana maana yake nyingine. Muulize, atakwambia raha haiko kwenye kufyatua bunduki. Iko kwenye kudamka gizani, kujibanza kimya kando ya maji na kusikia mabawa yakipita kabla jua halijachomoza.

Raha hiyo mimi na mwenzangu tuliifuata Katavi, tukiwa na darubini na chupa ya chai tu. Ndani ya Hifadhi ya Taifa huruhusiwi kuwinda hata ndege mmoja. Nje yake unahitaji kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kutoka Mpanda mjini hadi Sitalike, ulipo mlango wa hifadhi, ni kama kilomita 40.

Na bata wana mambo, jamani! Yupo mwenye uso mweupe, anayepiga mluzi. Dume na jike hushikamana muda mrefu, husafishana manyoya, na dume hulalia mayai kwa zamu. Kina baba, mpo? Bata bukini wa Misri nao hawaachani kirahisi. Ila yule mwenye nundu juu ya mdomo, duh, dume moja huweza kuwa na majike kadhaa!

Ukishawajua hivyo, unaelewa kwamba risasi moja inaweza kuacha mjane. Marisau ya madini ya risasi nayo hubaki kwenye tope, bata huyameza akidhani ni changarawe, akafa kwa sumu. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku kwenye ardhioevu kuanzia Februari 2023.

Lakini bata wa Katavi wana tishio lisilo na mlio. Mto Katuma, unaolisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada, huchotwa maji huko juu kumwagilia mashamba, hasa ya mpunga. Kiangazi kikikolea, viboko hubanana kwenye tope. Mkulima anahitaji kula, sawa. Ila maji yakiisha, si mwindaji wala mtazamaji atakayepata kitu.

Basi nendeni wawili, simu mzizime, mkae kimya saa nzima. Kama mnaweza kunyamaza pamoja bila kuchokana, penzi lenu lina afya.