Kuni za Durban zaweza kubeba adui wa miti

Mjini Durban, Afrika Kusini, nyama choma ya mwisho wa wiki, inayoitwa braai, hupikwa sana kwa kuni. Lakini gogo moja tu laweza kuleta hasara kubwa.

Mwaka 2017 watafiti walimgundua katika bustani ya mimea ya Pietermaritzburg, kiasi cha kilomita 80 kutoka Durban, mdudu wa asili ya kusini mashariki mwa Asia. Ana urefu wa milimita 2 hivi. Hutoboa mti na kupanda ndani yake kuvu, ambayo ndiyo chakula chake. Kuvu hiyo huziba mishipa ya maji, na mti ukaweza kukauka. Durban nayo imeshafikiwa. Jike hupandwa na ndugu zake humo humo mtini, hivyo mmoja tu akisafiri ndani ya gogo anatosha kuanzisha kizazi kipya.

Tufanye nini basi sisi tunaokata miti na kununua kuni? Kwanza, matawi yenye vitundu tuyasage au tuyachome palepale panaporuhusiwa, tusiyauze. Pili, kabla ya kwenda kwa mteja mwingine, tuuzime msumeno wa mnyororo, tuuache upoe, tuondoe vumbi lote la mbao, kisha tuupanguse mnyororo kwa spiriti. Tatu, kuni tuzinunue karibu na tutakapoziwasha.

Mdudu huyu hushambulia hata mparachichi, unaowalisha wakulima wengi Kenya na Tanzania. Tusimpe usafiri.