Kipaji kimepata shule, bado mwalimu

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapisha makala fupi ya waandishi wawili. Mmoja alikuwa Erasto Mpemba, wakati huo mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, Mweka, katika miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi. Mwingine alikuwa Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam. Walieleza kwamba katika mazingira fulani maji ya moto huganda mapema kuliko ya baridi. Jambo hilo sasa linajulikana duniani kwa jina la Mpemba, na wanafizikia bado wanalibishania: wapo walioliona katika maabara, na wapo waliolitafuta kwa vipimo makini wasilipate. Kwa watu wa elimu, sehemu yenye faida zaidi katika kisa hicho ni njia ambayo swali lilipitia hadi likafika jaridani.

Mpemba alianza kuuliza mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa, na kawaida ilikuwa kuyaacha yapoe kabla ya kuyaingiza kwenye jokofu. Yeye alihofia kukosa nafasi, akayaingiza yakiwa ya moto, na yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake. Mwalimu wa fizikia alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, alirudia swali wakati wa mada ya joto. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia yake mwenyewe, na darasa likapata utani wa kudumu wa kumcheka kila alipokosea. Osborne alipokwenda shuleni hapo kutoa mhadhara, Mpemba aliuliza tena mbele ya wote, na wenzake wakacheka tena. Osborne hakumkubalia wala hakumkatalia. Alisema atajaribu, na aliporudi Dar es Salaam alimkabidhi fundi wa maabara kazi hiyo. Kwa maelezo ya Osborne, fundi alileta taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba jaribio litarudiwa mpaka jibu sahihi lipatikane. Falsafa nzima ya mitihani imo katika ahadi hiyo.

Walimu waliomkatisha Mpemba hawakuwa wazembe. Walitimiza walichoandaliwa kukitimiza: kumaliza mada kwa wakati na kuilinda na mambo yasiyo kwenye kitabu. Alichofanya Osborne kilikuwa kingine. Aliliangalia swali bila kujali cheo cha muulizaji, akalipeleka kwenye jaribio, kisha akamfanya muulizaji kuwa mwandishi mwenza. Hii si karama ya kuzaliwa nayo. Ni ustadi wa kazi, unaweza kufundishwa, na ndio kiini cha fani ya walimu bingwa wa wanafunzi wenye vipawa. Tanzania imewatengea wanafunzi hao shule. Kumwandaa mwalimu wao bado ni suala la bahati.

Utaratibu wa sasa unaanzia kwenye Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Wenye alama za juu kabisa hupangiwa shule za serikali zinazoitwa za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora Wavulana, na kwa wasichana Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana. Iliyo karibu na Moshi ni Ilboru, Arusha, umbali wa kilomita 80 hivi. Hadi mtoto anapofika getini, kila hatua ina fomu yake. Baada ya geti, umaalumu unapungua kwa kasi. Mwalimu anayepangiwa Ilboru ametoka katika vyuo vilevile na anayepangiwa shule ya kata Kibosho. Wanafunzi wao wanafuata mtaala mmoja wa taifa na wanaishia kwenye mtihani mmoja wa kidato cha nne. Shule ikikusanya watoto walioongoza nchini, kisha ikaongoza nchini, imethibitisha hasa kwamba iliwakusanya.

Mtihani wa msingi wenyewe unafanya kazi yake. Unaonyesha vizuri ni nani ameumiliki mtaala wa msingi, na kwa kuwa wote wanapewa karatasi moja, unapunguza upendeleo. Lakini sehemu kubwa ya maswali ni ya kuchagua, na mtahiniwa husiliba herufi ya jibu kwenye fomu inayosomwa na mashine. Mtoto anayegundua kwamba majibu mawili kati ya yaliyotolewa yanaweza kutetewa hana mahali pa kuandika utetezi wake. Uwezo wa kuona tatizo ambalo hakuna aliyeliuliza, ambao ndio uliomsumbua Mpemba na walimu wake, hauna kisanduku cha kusiliba.

Kilimanjaro huongeza ugumu wake. Huku mlimani shule zilipata wateja mapema. Wamisionari Wakatoliki walikuwa Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakaingia mwaka 1893. Kahawa, iliyopata chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, ikalipa ada za vizazi kadhaa. Kihamba nacho, yaani shamba la ukoo, kilivyozidi kugawanywa, kikawafundisha vijana wengi kwamba urithi wao uko kwenye daftari. Matokeo ni mkoa wenye shule nyingi, tuisheni nyingi, na wazazi wanaoikumbuka tarehe ya mtihani kuliko ya kipaimara. Mazingira hayo humsaidia mtoto, ila humfanya awe mgumu kusomeka. Alama ya juu inaweza kuwa dalili ya kipawa, na inaweza kuwa matunda ya miaka mitatu ya kukaririshwa kila Jumamosi. Karatasi ya matokeo haitofautishi.

Lugha nayo huwapotosha wengi. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali Uru amefundishwa kwa Kiswahili miaka yote; anapoingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza kwa mkupuo mmoja. Aliyekuwa muulizaji hodari ananyamaza. Jirani yake ametoka shule ya mchepuo wa Kiingereza mjini Moshi, ananyoosha mkono kila mara na kujibu kwa ufasaha. Mwalimu asiyefundishwa kutenganisha ufasaha na fikra atamwandika huyu wa pili kwenye orodha ya wenye vipawa, na yule wa kwanza kwenye orodha ya wasiojituma.

Makosa ya aina hii yameandikwa sana kwingineko. Mwaka 1921 Lewis Terman alianza California utafiti mkubwa wa watoto wenye akili nyingi, akiwachagua kwa kipimo cha akili kilichotungwa kwa uangalifu. Wavulana wawili walipimwa wakaachwa kwa kutofikia kiwango: William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alipata Nobeli ya Fizikia mwaka 1956, Alvarez mwaka 1968. Kati ya wale waliochaguliwa na Terman, Nobeli haikumfikia hata mmoja. Jicho la mwalimu peke yake nalo si dawa. Utafiti wa Pegnato na Birch uliochapishwa mwaka 1959, uliofanyika katika shule moja ya Pittsburgh, ulionyesha kwamba walimu waliwataja chini ya nusu ya wanafunzi ambao kipimo cha akili kiliwatambua kuwa na vipawa, na wengi wa waliotajwa na walimu hawakuwa kwenye kundi hilo. Mwalimu asiyefunzwa huelekea kumtaja mtoto msafi, mtiifu na mwenye mwandiko mzuri. Hizo ni sifa njema, hasa kwa karani.

Kwa sababu hiyo, fani hii iliacha kutegemea namba moja. Joseph Renzulli, mtaalamu wa Marekani, alipendekeza mwaka 1978 kwamba kipawa kionekane pale mambo matatu yanapokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na ung'ang'anizi katika kazi. Pendekezo hilo lina wapinzani, lakini lilibadilisha kazi ya mwalimu. Uwezo unaweza kupimwa kwa saa mbili. Ubunifu na ung'ang'anizi huonekana kwa kumwangalia mtoto muda mrefu, akiwa na kazi inayostahili kung'ang'aniwa. Mwalimu asipoitoa kazi hiyo, hana cha kuangalia.

Mwalimu bingwa, basi, ana kazi tatu. Ya kwanza ni kutambua, kwa kuunganisha alama, kazi za mikono, maelezo ya wazazi, na hata maswali ambayo mtoto huuliza. Ya pili ni kubana mtaala: mwanafunzi anapimwa kabla ya mada kuanza, anaondolewa yale anayoyajua tayari, na muda uliookolewa unapewa kazi nyingine. Kumpa mazoezi 40 badala ya 20 ya aina ileile hakuingii hapa. Hiyo ni adhabu ya kumaliza mapema. Ya tatu ni kuongeza kina, yaani kumpa tatizo la kweli lisilo na jibu nyuma ya kitabu.

Miteremko ya Kilimanjaro imejaa matatizo ya namna hiyo, na hayahitaji maabara ya kisasa. Maji hayasubiri nyuzi 100 ili yachemke hata Moshi mjini, na kileleni, mita 5,895, huchemka kwenye nyuzi 80 na ushee. Mwanafunzi mwenye kipimajoto anaweza kupima Moshi, Marangu na kambi ya Mandara, akachora grafu, kisha akaeleza kwa nini maharage yanachelewa kuiva kadiri unavyopanda. Mifereji ya asili, mifongo, inayoshusha maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba, ina hesabu ya mwinuko, ujazo na zamu iliyofanywa na wazee kabla ya shule yoyote kujengwa. Mtoto akiulizwa jinsi ya kuyagawa maji hayo kwa haki mwaka wa kiangazi, atakutana na hisabati, jiografia na siasa kwa pamoja. Mwalimu anayeongoza kazi hiyo lazima avumilie jambo moja gumu: kusema mbele ya darasa kwamba jibu halijui. Vyuo vya ualimu havina kipindi cha somo hilo.

Ipo pia njia ya kurushwa darasa. Wazazi wengi huiogopa, na wengine huipenda kupita kiasi. Tafiti za miongo mingi, nyingi zikiwa za Marekani, zinaonyesha kwamba wanaorushwa kwa uchunguzi mzuri kwa kawaida hufanya vizuri kimasomo bila kuharibikiwa kijamii. Neno zito hapo ni uchunguzi. Kumrusha mtoto kwa sababu mama yake ni mjumbe wa kamati ya shule ni utaratibu wa aina nyingine.

Kundi linalosahaulika zaidi ni la watoto wenye kipawa na ulemavu kwa pamoja. Kiziwi mwenye uwezo mkubwa wa hisabati huonekana kwanza kwa ukiziwi wake, na mara nyingi maelezo yanaishia hapo. Hapa kanda ya kaskazini ina nafasi ya pekee. Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru, kwenye barabara ya Moshi kwenda Arusha, kwa miaka mingi kimeandaa walimu wa wanafunzi wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili. Chuo chenye ujuzi wa kumsoma mtoto mmoja mmoja na kumtengenezea mpango wake tayari kina nusu ya ujuzi unaohitajika kwa wenye vipawa.

Nusu ya pili inahitaji wakufunzi, yaani wanaowafundisha walimu wenyewe. Ulaya ilipitia njia hii si zamani sana. Baraza la Ulaya la masuala ya vipawa, ECHA, liliundwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na baadaye likaanzisha stashahada ya ubingwa kwa walimu walio kazini. Mwalimu hasomi nadharia peke yake. Anabaki na darasa lake, anafanya kazi na wanafunzi halisi, na msimamizi anaikagua kazi hiyo. Muundo huu unafaa kuazimwa kwa sababu haumtoi mwalimu shuleni kwa miaka miwili.

Pingamizi kubwa lina uzito. Mwongozo wa elimu ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na madarasa mengi yamevuka idadi hiyo. Kuzungumzia ubingwa wa wachache katika hali hiyo kunaweza kuonekana kama anasa. Zaidi ya hapo, Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya dhidi ya shule zinazowatenga wachache na kuwafanya wajione bora. Onyo hilo linagusa zaidi utaratibu uliopo sasa, unaowatoa watoto majumbani, unawapa jina la kipaji, kisha hauwapi kazi tofauti na ya wenzao. Mwalimu aliyefunzwa kutambua na kubana mtaala huwafaa hata wasiochaguliwa, kwa kuwa wenye vipawa wengi wamebaki katika shule za kata, ambako hakuna anayewatafuta.

Gharama ya kumfunza mwalimu huyo si kubwa. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yanawakutanisha walimu shuleni mwao; moduli moja kuhusu vipawa inaweza kuingizwa humo. Chuo cha Ualimu Marangu na Chuo Kikuu Katoliki Mwenge, Moshi, vinaweza kuiweka katika mafunzo yao ya awali, Patandi ikitoa wakufunzi. Wathibiti ubora wa shule, wanaokagua azimio la kazi na andalio la somo, wanaweza kuongeza swali moja: mwanafunzi aliyekwisha kuijua mada hii amepangiwa nini leo? Mpaka swali hilo liwe na jibu kwenye andalio la somo, shule zetu za vipaji maalumu zitaendelea kuwa shule za kawaida zenye wanafunzi wazuri sana.