Hatari! (filamu)

Hatari! ni filamu ya Marekani iliyotolewa mwaka 1962, ikiongozwa na kutayarishwa na Howard Hawks, na kusambazwa na kampuni ya Paramount. Mwigizaji mkuu ni John Wayne. Karibu picha zake zote za nje zilipigwa kaskazini mwa Tanganyika (leo Tanzania bara), mwishoni mwa mwaka 1960 na mwanzoni mwa 1961. Maeneo yanayohusishwa nayo ni mji wa Arusha, Momella chini ya Mlima Meru, Ziwa Manyara na Ngorongoro.

Ni miongoni mwa filamu chache za Hollywood zenye jina la Kiswahili safi. Neno hatari lenyewe lina asili ya Kiarabu, na watayarishaji walilichukua bila kulitafsiri, wakaliongezea alama ya mshangao tu. Hata hivyo watu wengi wanaoishi Karatu, mji wa mwisho kabla ya lango la Ngorongoro, hawajawahi kuiona wala kuisikia. Nje ya nchi nayo imefunikwa na filamu nyingine za John Wayne, hasa zile za wachunga ng'ombe wa Marekani.

Hadithi

Hadithi inahusu kundi la watu wanaokamata wanyamapori wakiwa hai na kuwauza kwa bustani za wanyama za nje. Kiongozi wao ni Sean Mercer (John Wayne). Mwenye kampuni ni binti aitwaye Brandy (Michèle Girardon), aliyeirithi baada ya baba yake kuuawa na kifaru. Wengine ni Kurt, Mjerumani dereva wa mbio za magari (Hardy Krüger), Pockets, mcheshi aliyekuwa zamani dereva wa teksi (Red Buttons), Luis (Valentin de Vargas) na mzee wa kazi anayeitwa "Mhindi" kwa sababu ana damu ya Wahindi Wekundu wa Amerika (Bruce Cabot).

Filamu inaanza na kufukuza kifaru, na kabla mtazamaji hajajua nani ni nani, "Mhindi" amekwisha kuchomwa pembe na kukimbizwa hospitali ya Arusha. Hapo anajitokeza kijana Mfaransa, Chips (Gérard Blain), ambaye damu yake inafaa kumwongezea mgonjwa, na baadaye anaajiriwa. Kisha anafika mpiga picha Mwitalia anayeitwa Dallas (Elsa Martinelli), ambaye ametumwa na bustani ya wanyama ya Basel. Sean alitarajia mwanamume. "Mhindi" anaamini kwamba vifaru wana mkosi, kwa hiyo kundi linawaacha hadi mwisho wa msimu na kuanza na twiga, pundamilia, nyumbu na wengine.

Zaidi ya hapo hakuna kisa kikubwa. Hakuna adui wala siri ya kufichua. Filamu inakwenda kwa saa mbili na dakika thelathini na saba kwa mpango wa siku za kazi: asubuhi kukamata mnyama, jioni kukaa barazani, kunywa, kutaniana na kugombea wanawake. Anayetafuta mvutano wa kisasa atachoka. Anayependa kutazama watu wakifanya kazi wanayoijua atakaa hadi mwisho.

Utengenezaji

Hawks (1896–1977) alikuwa tayari mwongozaji mashuhuri, aliyetengeneza Bringing Up Baby (1938), Red River (1948) na Rio Bravo (1959). Alifika Tanganyika bila mswada uliokamilika. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: huwezi kumwandikia kifaru afanye nini. Mwandishi wa mswada, mwanamke aitwaye Leigh Brackett, alilazimika kujenga hadithi kufuatana na yale yaliyopatikana mbugani. Mpiga picha mkuu alikuwa Russell Harlan, na kazi yake iliteuliwa kuwania Tuzo ya Akademi (Oscar) ya upigaji picha za rangi.

Mshauri wa ukamataji alikuwa Willy de Beer, aliyefanya biashara hiyo Tanganyika. Mbinu zinazoonekana ndizo zilizotumika kweli wakati ule. Gari jepesi humkimbiza mnyama na kumwelekeza, na lori la kukamatia huenda sambamba naye. Mkamataji ameketi kwenye kiti kilichofungwa juu ya madigadi ya mbele, mkononi akiwa na mti mrefu wenye kitanzi cha kamba. Mnyama akiisha kunaswa shingoni, watu wa miguu huruka na kumfunga miguu kabla hajajeruhi mtu au kujichosha hadi kufa. Mbio ndefu zinaweza kumuua mnyama hata baada ya kufungiwa kizimbani, na ndiyo sababu wakamataji wa kweli walitaka kazi iishe upesi.

Hawks alieleza kwamba waigizaji wenyewe ndio waliokamata wanyama mbele ya kamera, bila watu wa kushika nafasi zao. Wayne alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Katika tukio moja kifaru aliyekwisha kukamatwa alichomoka kweli, waigizaji wakalazimika kumkamata tena, na mwongozaji akaliacha tukio hilo ndani ya filamu. Sauti nyingi za mbio hizo zilirekodiwa upya studioni.

Makao ya kundi katika filamu yanaitwa shamba la Momella. Mahali hapo pana historia yake: palikuwa pa familia ya Trappe, walowezi wa Kijerumani, na Margarete Trappe, aliyefariki mwaka 1957, alijulikana sana eneo la Meru kwa uwindaji na ufugaji wa farasi. Leo eneo hilo limepakana na Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Mtazamaji mwenyeji ataona jambo ambalo mgeni hawezi kuliona: filamu inarukaruka kijiografia. Kutoka Momella hadi Karatu ni safari ya saa kadhaa, kupitia Arusha, Makuyuni na Mto wa Mbu, kisha kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Katika filamu magari yanatoka nyumbani na muda si mrefu yako kwenye tambarare.

Wakati wa kihistoria

Filamu ilipigwa katika miezi ambayo Tanganyika ilikuwa inabadilika. Julius Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi tangu Septemba 1960, serikali ya madaraka ilianza Mei 1961, na uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961. Hatari! ilipoingia katika majumba ya sinema mwaka 1962 nchi ile inayoonekana ndani yake ilikuwa na bendera nyingine.

Hayo hayasikiki katika filamu hata kidogo. Waafrika wanaonekana karibu katika kila tukio, wakiwa madereva, wakamataji, wapishi na wauguzi wa wanyama, lakini hadithi haiwapi nafasi. Wanaoshika kamba wakati kifaru anarusha pembe mara nyingi ni hao, na ujuzi wao ni dhahiri kwa yeyote anayetazama upande wa picha badala ya katikati. Kiswahili kinatumika kwa amri na salamu. Sehemu ambayo wenyeji wanapewa muda zaidi ni pale wanapomheshimu Dallas kwa kulea ndama watatu wa tembo na kumwita "Mama Tembo". Tukio hilo limetengenezwa kwa ajili ya kuchekesha, na ni sehemu dhaifu ya filamu.

Kwa upande mwingine, picha zenyewe zimekuwa kumbukumbu ambayo watengenezaji hawakuikusudia. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959 kwa kutengwa na Serengeti, likiwa mahali ambapo Wamaasai wangeendelea kuishi na mifugo yao pamoja na wanyamapori. Wakati filamu inapigwa, maboma yalikuwa bado ndani ya kreta; wakazi wa chini waliondolewa katikati ya miaka ya 1970. Vifaru weusi nao walikuwa wengi. Hesabu iliyofanywa ndani ya kreta katikati ya miaka ya 1960 ilitambua zaidi ya vifaru 100. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwapunguza hadi chini ya 20 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mgeni wa leo huweza kuzunguka kreta siku nzima na kumwona kifaru mmoja kwa mbali kupitia darubini. Katika Hatari! wanakimbia mita chache kutoka kwenye kamera.

Biashara inayosifiwa katika filamu pia imepata sura nyingine. Mwaka 2010 twiga na wanyama wengine walisafirishwa kwa ndege kutoka Uwanja wa Kilimanjaro kwenda Qatar, jambo lililozua hasira bungeni na mitaani, na mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Mtanzania anayeitazama filamu sasa hawezi kuiona kama alivyoiona mtazamaji wa Chicago mwaka 1962.

Muziki

Muziki ulitungwa na Henry Mancini. Alipoonyeshwa picha za ndama wa tembo wakimfuata Dallas kwenda kuoga, aliona mwendo wao unafanana na mapigo ya muziki wa piano wa Wamarekani weusi uitwao bugi-wugi, akatunga kipande kiitwacho "Baby Elephant Walk". Mpangilio wake ulipata tuzo ya Grammy. Kipande hicho kinajulikana duniani kuliko filamu yenyewe. Wapo wengi wanaokitambua kwa sekunde tano bila kujua kwamba tembo wale walikuwa wa Arusha. Mwishoni mwa filamu ndama hao hao wanapita mitaa ya mji wa Arusha wakimtafuta Dallas hadi ndani ya hoteli, na mwenye kuujua mji atapata faida ya ziada kwa kutazama maduka yaliyo nyuma yao.

Mapokezi

Wahakiki wengi wa Marekani waliiona kuwa burudani nzuri lakini ndefu mno. Ufaransa ilikuwa tofauti. Waandishi wa jarida la Cahiers du cinéma walimheshimu Hawks kuliko Wamarekani wenyewe, na mwongozaji Jean-Luc Godard aliiweka Hatari! katika nafasi ya kwanza kwenye orodha yake ya filamu bora za 1962. Tangazo la filamu hii linaonekana ukutani katika filamu yake Le Mépris ya mwaka 1963.

Hardy Krüger na Momella

Krüger (1928–2022) aliipenda nchi hata akanunua shamba la Momella baada ya upigaji picha, akajenga nyumba na hoteli ya wageni. Aliishi huko kwa vipindi hadi miaka ya 1970 na kuandika kitabu kuhusu maisha hayo. Sehemu ya majengo yake sasa ni hoteli inayoitwa Hatari Lodge.

Filamu nyingine za zamani kutoka eneo hili

Hatari! haikuwa ya kwanza. Trader Horn (1931) ya W. S. Van Dyke ilipigwa Afrika Mashariki na Kongo wakati safari ya namna hiyo ilikuwa jambo geni kwa studio. Mwigizaji wake Mwafrika, Mutia Omoolu wa Kenya, alipelekwa Hollywood kumalizia kazi. King Solomon's Mines (1950) ilipata Oscar mbili, ya picha na ya uhariri, na ndani yake wanaonekana wacheza ngoma Watutsi. The African Queen (1951) ya John Huston inasimulia kisa cha Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914, ingawa ilipigwa Kongo na Uganda. Mogambo (1953) ya John Ford, yenye Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, ilipigwa kwa sehemu kando ya Mto Kagera. Jina lake lilitangazwa kana kwamba ni la Kiswahili, lakini msomaji akifungua kamusi hatalipata.

Filamu iliyoigusa Ngorongoro zaidi haikutoka Hollywood ingawa ilizawadiwa huko. Serengeti darf nicht sterben (1959), ya Wajerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ilipata Oscar ya filamu bora ya hali halisi. Michael alifariki kwa ajali ya ndege Januari 1959, kabla haijakamilika. Bernhard alifariki mwaka 1987 na kuzikwa karibu na mwanawe. Mnara wao uko kwenye ukingo wa kreta, kando ya barabara itokayo lango la Karatu, na magari ya watalii husimama hapo kwa dakika chache kabla ya kuendelea.